Barafu yaweza kuchonga mwamba? Nimeletewa picha kutoka New York, mimi naona mkono wa fundi

Fundi wa Kuze

Assalam alaikum wenzangu.

Mimi ni fundi wa mawe. Si wa bloku za simiti. Wa matumbawe na chokaa, kazi ya nyumba za kale hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nilianza nikiwa mtoto wa kuchotea maji marehemu baba, na mwaka huu magoti yananiambia ni miaka 38.

Nina mpwa wangu yuko New York, muuguzi. Juzi alipata siku ya mapumziko akampeleka mwanawe Central Park, ile bustani kubwa ya katikati ya mji. Karibu na mabembea ya watoto pana mwamba waitwa Umpire Rock, watoto huupanda kama mbuzi. Akaupiga picha mgongo wake akaniletea, maana ajua mjomba wake akionyeshwa jiwe hasinzii.

Nawaeleza niliyoyaona. Mwamba ni wa kijivu cha kuiva, umejaa ulanga unaometameta. Juu yake pana mifereji. Sisemi nyufa, nyufa nazijua. Mifereji, mmoja wa kulaza mkono, mwengine mpwa wangu ameulaza mguu mzima na kiatu chake. Imenyooka. Kando yake pana mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba nayo, kama mtu aliyepitisha chanuo kwenye lipu mbichi. Na ndani ya mifereji pamelainika, hapana ukavu wa jiwe lililovunjwa.

Chini ya picha kaandika: "Mjomba, wasema haya yamefanywa na barafu."

Barafu! Hii ambayo ukinunua pande moja kwa ajili ya samaki, ukalifunga na gunia, ukichelewa kwa maneno mawili matatu njiani, ukifika nyumbani wamwaga maji? Barafu ambayo jino la mtoto laivunja?

Kwanza, kitu laini hakikati kigumu. Hilo halihitaji shule. Tindo hukata tumbawe kwa sababu tindo ni chuma. Pili, mstari ulionyooka hautokei wenyewe. Mimi nikitaka mstari hutandika uzi, tena uzi uliopakwa rangi, na bado mwanafunzi wangu huupinda. Tatu, kama ilikuwako barafu kubwa hivyo katikati ya mji, imekwenda wapi?

Mimi nasema hapo zamani palikuwa na machimbo, wakachimba mawe ya kujengea, wakayaacha. Nimewaambia hivyo jamaa pale barazani tukinywa kahawa, na kijana mmoja wa tuktuk akanicheka, ati hiyo ni elimu ya darasa la saba. Tukawekeana ratili mbili za halua. Si kamari, wallahi, ni mzaha wa watu wazima. Lakini halua imepanda bei, kwa hivyo nawauliza mapema: nani anajua kweli ya jambo hili? Mwenye kujua aseme ilivyofanyika, asiniambie tu "wanasayansi wamesema".

---

Mwalimu wa Kisauni

Wa alaikum salaam, Fundi. Halua usilipe bado, ila anza kuweka pesa kando.

Hoja yako ya kwanza ndiyo yenye uzito, na ndani yake una haki: barafu ni laini kuliko jiwe. Barafu tupu ikiusugua mwamba ule haiachi alama. Lakini nikuulize wewe mwenye vyombo vya kazi: msasa ni kitu gani? Ni karatasi. Na karatasi haiwezi kulainisha ubao wa mvule hata ukisugua mpaka Ramadhani. Kinachokata ni ule mchanga uliogandishwa juu yake. Karatasi kazi yake ni kuushika mchanga na kuukokota.

Barafu ile ilikuwa karatasi. Chini yake iligandia mchanga, kokoto, hata mawe makubwa, yote yameng'olewa njiani. Mchanga uling'arisha, kokoto zikaacha ile mikwaruzo ya chanuo, na mawe makubwa, yakipita moja baada ya jingine mahali pamoja, yakafukua mifereji.

Sasa mkono uliokandamiza msasa huo. Unene wa barafu juu ya Manhattan wakati huo hukadiriwa kuwa mita 300 na zaidi. Mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kilo 900 na kitu. Piga hesabu: kila mita moja ya mraba ya mwamba ilikuwa imebebeshwa zaidi ya tani 270. Wewe ukisugua jiwe unaegemeza bega tu.

Ilitoka wapi? Canada. Kulikuwa na bamba la barafu liitwalo Laurentide, lilifunika sehemu kubwa ya Canada na sehemu ya kaskazini ya Marekani. Miaka 20,000 na kitu iliyopita lilifikia upeo wake, na ukingo wake wa kusini ukawa hapo New York. Theluji ya mwaka huu inaangukia ya mwaka jana ambayo haikuyeyuka, ya mwakani inaangukia hii, ya chini inashindiliwa mpaka inakuwa barafu. Ikishakuwa nene mno haikai kimya. Uzito wake mwenyewe unaifanya itambae. Umewahi kuacha kinyunya laini kwenye sinia? Katikati umekirundika, lakini ukirudi kingo zimesogea. Hivyo, ila polepole sana.

Hiyo ndiyo jibu la uzi wako pia. Kitu kizito namna hiyo hakikwepi kijiwe. Kinakwenda moja kwa moja.

Na wala usiseme ni mambo ya ng'ambo. Sisi tunayo Mlima Kenya, mita 5,199, hapo juu ya ikweta. Vitabu vyetu huita mto wa barafu "barafuto". Barafuto la Lewis ndilo linalojulikana zaidi huko, nalo linakwisha. Mwaka 2009 niliwapeleka wanafunzi kwa njia ya Naro Moru, tukapita bonde la Teleki. Bonde lililochimbwa na mto wa maji lina umbo la V. Teleki ni kama hori la ng'ombe: chini pana, kuta zimesimama. Barafu iliyolikwangua ilisharudi juu zamani, lakini hori limebaki. Nusu ya wanafunzi walikuwa wanaumwa na kichwa, nusu wanalia baridi, na mtoto mmoja wa Bombolulu akaniambia, "Mwalimu, basi tumeamini, turudi."

Fundi, nakupa mtihani wa kufanya bila kuniamini mimi. Mwambie mpwa wako afanye mambo mawili. La kwanza, auzunguke mwamba wote. Upande barafu ilikotokea atauona umelala, umelainika, wa kupandwa kwa miguu tu. Upande wa pili, barafu ilikoondokea, utakuwa umekatika ghafla, wenye magenge, kwa sababu pale maji yalikuwa yakiingia kwenye nyufa, yanaganda, kisha barafu inaondoka na pande zima la jiwe. La pili, afungue dira ya simu, apime mifereji inaelekea wapi. Halafu aende kwenye mwamba mwengine mbali kidogo ndani ya bustani hiyohiyo, apime tena. Kama ni mafundi wa machimbo, kila mmoja atakuwa amechonga alikokaa. Barafu ilikuwa na njia moja.

---

Baharia Mstaafu

Yakhe, mimi mahali hapo nimefika. 1994, mwezi wa pili, meli yetu ilishusha Newark. Baridi ile! Nilivaa soksi tatu na bado nilikuwa nauliza kama vidole ningali navyo. Tukavuka na mwenzangu mmoja wa Lamu tukaenda kutembea hiyo Central Park, tukakuta watu wazima wanateleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma, wengine wameshikana mikono na wake zao. Mwenzangu akasema hawa wamepata pesa wakakosa la kufanya.

Mawe hayo meusi niliyaona ila sikuangalia mifereji, nilikuwa natafuta pa kuota jua. Maziwa nimeyaona, mengi. Nadhani hayo maziwa ndiyo mabaki ya hiyo barafu yenu: iliyeyuka ikatuama. Kwa hivyo Fundi, swali lako la "imekwenda wapi" jibu ndilo hilo.

---

Mwana wa Majengo, Brooklyn

Shikamooni wazee. Baharia, kwa heshima zote, hapo umepotoka.

Maziwa ya Central Park yamechimbwa na watu. Palikuwa na vinamasi na vijito. Mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux wakashinda shindano la kuchora ramani ya bustani, wakaleta vibarua, wakachimba, wakajaza maji, wakapanda miti. Mtu akitembea mle anadhani yuko mwituni, kumbe karibu kila kitu kimepangwa. Na kabla ya hapo palikuwa na watu: kijiji cha Seneca Village, wengi wao weusi walionunua viwanja vyao kuanzia 1825, wana nyumba, makanisa na makaburi. 1857 wakaondolewa wote ili bustani ijengwe. Sisi watu wa pwani habari ya kuambiwa uhame kwenye ardhi ya wazee wako haituhitaji mkalimani.

Ambacho hawakukitengeneza ni miamba. Mingine waliilipua kwa baruti, mingine wakaipenda wakaiacha ichomoze. Mwamba wenyewe ni shisti, jiwe gumu la tabaka lenye ulanga, umri wake miaka milioni 450 hivi. Kwa hivyo barafu alikuwa mgeni wa jana tu kwa jiwe hilo.

Lakini Fundi, ukitaka kuona kazi ya barafu vizuri usiishie Central Park, njoo huku kwetu. Nakaa Flatbush. Mtaa wangu ni tambarare kama sakafu, maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Nikienda Prospect Park, bustani nyingine ya walewale Olmsted na Vaux, iliyofunguliwa 1867, naanza kwenye tambarare, napita ziwa (hilo nalo limechimbwa, Baharia, nisamehe), halafu ardhi inapanda ghafla. Vilima, vibonde, miti, njia inapinda. Kilima hicho hakina mwamba ndani yake. Ni kifusi.

Barafu ilikoma hapo. Haikusimama kutembea, hapana. Ilikuwa ikija kutoka kaskazini kila siku na ikiyeyuka ukingoni kwa kadiri ileile ya kuja kwake. Mzee wangu alikuwa kuli bandarini, na hivi ndivyo nilivyojieleza nilipoisoma mara ya kwanza: ule mkanda wa kushushia magunia. Mkanda unatembea saa zote, lakini mwisho wake uko palepale, na magunia yanarundikana mahali pamoja mpaka yanakuwa mlima. Mchanga, udongo, kokoto, mawe ya kila kabila, yote yakamwagwa hapo. Rundo hilo linapita Brooklyn na Queens na linaendelea hadi Staten Island. Ukisoma majina ya mitaa unalisikia: Park Slope ni mteremko, Crown Heights ni juu, Bay Ridge ni mgongo. Na huku kusini, maji yaliyokuwa yanatiririka kutoka kwenye barafu yakabeba mchanga mwepesi yakautandaza. Ndiyo Flatbush na Flatlands, tambarare mpaka kwenye jina.

Hata vita vilifuata rundo hilo. Agosti 1776 jeshi la George Washington lilijipanga juu ya mgongo huo kuwazuia Waingereza, na mojawapo ya mapengo waliyopigania, Battle Pass, liko ndani ya Prospect Park. Leo wanapita watu wa baiskeli.

Kwa lugha ya kazi yako, Fundi: Central Park barafu ilikuja na tindo, Brooklyn ikamwaga toroli.

Mawe ya ugenini hata Central Park yako. Kuna mawe makubwa yamekaa juu ya shisti kama mtu aliyeyasahau, na si shisti. Mengine ni yale meusi mazito ya magenge ya Palisades, ambayo yako New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Nani aliyabeba, mafundi wako wa machimbo?

---

Kaka wa Likoni

Watu wa ferry tumekaa foleni saa nzima juani na nyinyi mnagombania barafu. Nileteeni kipande.

---

Fundi wa Kuze

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Sikutaka kujibu kwa mdomo. Nimefanya jaribio.

Nilichukua makopo mawili ya plastiki. La kwanza maji matupu. La pili nikatia mchanga wa mto chini, vidole viwili, na kokoto chache, nikajaza maji. Yote nikayatia kwenye friza la mke wangu usiku, chini ya changu na tasi, bila kuomba ruhusa. Asubuhi nikachukua kipande cha tumbawe nilichokwisha kukisawazisha, nikakiweka kwenye ngazi ya nyuma.

Pande la maji matupu: nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Jiwe likalowa. Basi.

Pande la mchanga: nilivuta mara ishirini hivi, nimeliegemea kwa uzito wangu wote, nami si mwembamba. Nikaosha jiwe. Wallahi lilikuwa na mikwaruzo! Myembamba, sambamba, na mmoja mkubwa hapo kokoto ilipopita. Nikakaa kwenye ngazi nikalitazama. Mjukuu akaniuliza babu unalia, nikamwambia ni baridi ya mikono.

Mke wangu amesema samaki wana mchanga na kwamba nimeanza utoto wa pili. Hilo tutalimaliza ndani.

Sasa Mwalimu, sijasalimu amri yote. Tumbawe ni jiwe la huruma, hata msumeno hulikata. Mchanga wa mto ni mgumu kuliko hilo, lazima ukwaruze. Lakini shisti yenu mwasema ni ngumu. Huo mchanga wa kuishinda ulitoka wapi?

Na jengine, hili lanikera zaidi. Mambo haya yote ni ya watu wa baridi. Huku Mombasa barafu haikufika, sivyo? Kwa hivyo mimi nimechonga mawe miaka 38 na katika hadithi hii simo. Mawe yetu yana hadithi yao. Nimekuta makombe ndani ya jiwe, makombe mazima, mahali pa juu kabisa ambapo maji hayafiki hata bamvua. Marehemu babu akisema hiyo ni gharika ya Nabii Nuhu.

---

Mwalimu wa Kisauni

Swali la mchanga: shisti ndani yake mna ulanga, ambao ni laini, na pia mna madini ya kwatzi ambayo ni magumu. Na mawe yaliyokuwa ndani ya barafu yalikuwa na kwatzi hiyohiyo, na mengine magumu kutoka kaskazini. Jiwe lilikatwa na mwenzake. Wewe umevuta mara ishirini kwa uzito wa mtu mmoja. Barafu ilivuta maelfu ya miaka kwa uzito niliokupigia hesabu.

La makombe namwachia anayejua bahari.

---

Mzamiaji wa Mtwapa

Basi na mimi niingie, maana nimekuwa nikisoma kimyakimya.

Mzee Fundi, umo kwenye hadithi, tena umo mpaka shingoni. Alasiri moja nenda Mama Ngina, pale kwenye mibuyu upande wa mnara wa taa, nunua dafu lako, ukae unatazama mlango wa Kilindini meli zikiingia. Halafu jiulize swali ulilouliza kinyume: barafu yote ile ya Canada ilitoka wapi kabla haijawa barafu?

Ilitoka baharini. Maji yalipanda mvuke, yakaanguka theluji kaskazini, na badala ya kurudi kwa mito yakakaa juu ya nchi kavu. Mabamba ya barafu yaliponenepa, bahari za dunia nzima zilipungua, na bahari haina mpaka wa Canada na Kenya. Wakati mifereji ile ya Umpire Rock inachongwa, maji yalikuwa chini kuliko leo kwa kadiri ya mita 120. Huku kwetu pia.

Hebu liwaze. Mombasa haikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima kilichoungana na bara. Pale ferry ya Likoni inapovuka palikuwa na bonde, na ungeshuka na kupanda kwa miguu yako bila foleni (Kaka wa Likoni, pole). Mito kama Mwache na Kombeni, kwa kuwa bahari ilikuwa mbali chini, ilichimba mabonde yake kwa kina kuifuata. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, yakaingia ndani ya mabonde hayo na kuyazamisha. Hayo ndiyo Tudor, Kilindini na Port Reitz, na huku kwangu Mtwapa. Meli kubwa zinaingia Mombasa kwa sababu ya bonde lililozama. Na jina Kilindini lenyewe lasema ni mahali penye kina. Kilindi ni kilindi.

Sasa jiwe lako. Kabla ya majira yale ya barafu palikuwa na majira ya joto, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Barafu ilikuwa kidogo kuliko leo, na bahari ilikuwa juu kuliko leo, mita 6 hadi 9. Matumbawe huota chini ya maji, hayaoti hewani. Kwa hivyo matumbawe ya wakati ule yaliota juu zaidi ya usawa wa leo, pamoja na makombe na chaza zake. Kisha barafu ikarudi, bahari ikashuka, mwamba wa matumbawe ukaachwa mkavu, ukagandamana ukawa jiwe. Ndilo hilo lililobeba mji. Ndilo Wareno walilolichonga walipoanza Fort Jesus 1593, ndilo lililochimbwa Bamburi hadi yakabaki mashimo ambayo leo sehemu yake ni Haller Park, yenye mivinje na viboko. Na ndilo ulilokuwa ukilikata wewe tangu enzi za kuchotea baba yako maji.

Nikipiga mbizi nje ya mwamba naona ukuta unashuka, na kuna mahali nafikiria: hapa palikuwa pwani, hapa mtu angeanika nyavu. Siendi mita 120, mapafu yangu si ya wazimu, lakini fikra inakwenda.

Marehemu babu yako hakukosea kwamba maji yalikuwa juu.

---

Fundi wa Kuze

Nilikwenda Mama Ngina jana. Nikakaa kwenye ukuta, mihogo mkononi, meli ya makontena ikapita karibu kiasi cha kusoma maandishi yake. Sikusema neno na mtu.

Usiku mpwa wangu akapiga simu. Alikuwa ametoka zamu, akapita Central Park na dira yake. Nawapa alivyoniambia.

Umpire Rock: mifereji yatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Ameuzunguka. Upande wa kaskazini amepanda bila kushika kitu, na viatu vya kazini. Upande wa pili amekuta vijana wanafanya mazoezi ya kukwea kwa mikono, pamekatika kama ukuta.

Akaenda mwamba wa pili, mwendo wa robo saa. Mikwaruzo ipo, myembamba kuliko ile, na dira ikasema vilevile: kaskazini-magharibi, kusini-mashariki. Na ukitoka hapo kuelekea kaskazini-magharibi, asema, ukavuka Hudson, unafika kwenye hayo magenge ya Palisades.

Lakini si dira iliyonimaliza. Ni picha ya tatu. Nilimwambia ainame, apige kwa karibu sana, na aweke ufunguo pembeni nione ukubwa. Shisti ina nyuzi, kama ubao. Zinaonekana wazi, ule ulanga umelala kwa tabaka. Na mifereji haifuati nyuzi. Inazikata! Inapita juu yake kama haizioni. Jamani, mimi ni fundi. Hakuna fundi duniani, Mmarekani wala Mreno, atakayechonga jiwe gumu kinyume cha nyuzi zake, kwenye miamba miwili mbalimbali, kwa pembe moja, kisha asichukue jiwe akaenda zake. Hata mlevi hafanyi hivyo.

Kijana wa tuktuk nimempa ratili moja mbele ya mashahidi barazani. Akaila palepale na wenzake, sikubakishiwa hata ya kunata kwenye karatasi. Ratili ya pili nimemwambia asubiri, kwa sababu mpwa wangu alikwenda na mwamba wa tatu, akaukuta umechakaa, hauna alama yoyote, na hapo Mwalimu bado hajanieleza.